Nchi Ambayo Uzito si Mmoja

Makala hii inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la watunzi wa hadithi tu, yaani dunia ya kubuni ambayo ndani yake nguvu ya uvutano haiko sawa kila mahali. Nguvu ya uvutano ni ile ivutayo vitu vyote kuelekea kitovu cha dunia. Ndiyo sababu embe lililoiva huanguka chini wala halipai juu. Huenda msomaji akauliza, je, jambo hili linahusu nini chuo cha theolojia? Tunamwomba avumilie kidogo. Swali hili limegusa mizani ya mkulima, limegusa Amri ya Saba, na limemgusa mama mmoja mzee aliyefungwa minyororo, ambaye mwanawe aliamini mpaka kufa kwake kwamba hadithi aliyoiandika juu ya jambo hili ilichangia kumfikisha mama huyo gerezani.

Msowero yenye mizani miwili

Na tuanze mahali panapojulikana. Msowero ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Kilosa. Upande wa magharibi imeinuka milima ya Ukaguru. Upande wa mashariki nchi inatandazika kuelekea bonde la Wami. Wenyeji ni Wakaguru, na pamoja nao wako watu wa makabila mengi waliokuja kulima mahindi na mpunga au kuchunga ng'ombe. Sasa tuchukulie kwamba chini bondeni uzito ni huu tuujuao, lakini kuanzia jiwe fulani lililo kando ya njia ya kupanda mlimani kila kitu kina nusu tu ya uzito wake. Maisha yangekuwaje?

Mama aliyejitwika ndoo ya lita ishirini angelipita lile jiwe na kuhisi amejitwika lita kumi. Kijana arushaye jiwe angelifikisha mbali maradufu. Lakini si kila jambo lingekuwa jepesi. Apetaye mpunga kwa ungo hutegemea kwamba punje itaanguka upesi na kapi litachukuliwa na upepo. Pale juu punje ingechelewa kuanguka, na upepo ule ule ungeitupa nje ya ungo pamoja na makapi. Moshi wa mafiga, ambao hupanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi inayoizunguka, ungepanda polepole na kukaa jikoni muda mrefu zaidi. Na fahali akimkimbilia mtu, kule kupungua kwa uzito wake hakumsaidii mtu huyo hata kidogo. Pigo la pembe lingekuwa lile lile.

Hapa ndipo tunapokutana na tofauti ambayo mara nyingi husahauliwa mashuleni, nayo ni tofauti kati ya tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha kitu chenyewe. Uzito ni jinsi kitu hicho kinavyovutwa mahali kilipo. Gunia la mahindi likivuka lile jiwe limepoteza nusu ya uzito wake, lakini halikupoteza punje hata moja, nalo litalisha watoto wale wale kwa siku zile zile. Fahali naye amebaki na tungamo lake lote, na ndilo limpigalo mtu.

Mtunzi wa nchi kama hiyo akiishia hapo, kazi yake bado haijasimama. Tuseme mtu mjanja anajenga gurudumu kubwa kwenye mpaka. Analiinua gunia upande ule mwepesi kwa nusu ya jasho, analisukuma kwa usawa mpaka upande mzito, kisha analiacha lianguke huko kwa uzito kamili, na kwa anguko hilo anasaga unga. Halafu analirudisha chini kwa chini mpaka upande mwepesi na kuliinua tena. Kila mzunguko umempa kazi mara mbili ya jasho alilotoa. Kinu chake kingesaga milele bila maji, bila upepo na bila kuni. Dunia yetu haiko hivyo. Ndani yake hakuna apataye kazi ya bure, na mtunzi ambaye ulimwengu wake unataka kusadikiwa hana budi kusema ni nani alipaye.

Jibu la fizikia ni zuri kuliko hadithi nyingi tulizowahi kuzisoma. Ili kinu kile kisizunguke bure, lazima lile tendo la kulisukuma gunia kwa usawa, likiwa juu, kutoka upande mwepesi kwenda upande mzito, liwe na gharama yake. Kwa maneno mengine, mtu atembeaye juu ya daraja refu kuelekea nchi nzito angehisi anapanda mlima, ingawa daraja limenyooka machoni pake. Timazi ya fundi mwashi, ikining'inizwa huko juu mpakani, isingeelekea chini sawasawa bali ingevutwa kidogo kuelekea upande mwepesi. Mpaka ungekuwa mlima usioonekana. Hakuna awezaye kubadili nguvu ya uvutano kutoka mahali hata mahali bila kubadili pia maana ya neno "chini".

Dunia yetu ndivyo ilivyo

Sasa tunasema wazi: nchi hiyo ipo, nasi tunaishi ndani yake. Tofauti ni kwamba kilichozidishwa katika hadithi ni kidogo sana katika uumbaji.

Kitu kikiachwa kianguke, mwendo wake huongezeka kila sekunde. Penye Ikweta, usawa wa bahari, ongezeko hilo ni mita 9.780 kwa sekunde, katika kila sekunde. Kwenye ncha za dunia ni mita 9.832. Tofauti ni kama nusu ya sehemu moja katika mia. Sababu ni mbili, na zote mbili zatokana na kuzunguka kwa dunia. Kwanza, mtu aliye Ikweta anazungushwa kwa mwendo wa mita 465 hivi kwa sekunde, na mzunguko huo hupunguza kidogo mvuto anaouhisi. Pili, kwa kuzunguka huko dunia imevimba kiunoni, hata mtu wa Ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa kilometa 21 zaidi ya mtu aliye kwenye ncha. (Kwa sababu hiyo hiyo kilele cha Kilimanjaro kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, ingawa Everest ni mrefu zaidi ukipimwa kutoka usawa wa bahari. Wachaga watafurahi kusikia.) Mwendo ule wa Ikweta ndio pia uliowavutia Waitalia kuweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967: roketi irukayo kuelekea mashariki kutoka pwani yetu huondoka ikiwa imekwisha kusukumwa na dunia yenyewe.

Jambo hili halikugunduliwa kwa kuwaza tu. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikuwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, pamoja na saa ya pendulamu, yaani saa inayoongozwa na uzito unaobembea. Saa iliyokuwa sahihi Paris ilichelewa huko kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku, ikambidi aifupishe ile pendulamu. Wenzake wengine walidhani joto ndilo lililoirefusha. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliichukua habari hiyo kuwa ushahidi kwamba dunia si tufe kamili. Saa iliyochelewa katika chumba kimoja ilieleza umbo la dunia nzima.

Afrika Mashariki nayo imepimwa mapema. Katika miaka ya 1899 na 1900 Wajerumani Kohlschütter na Glauning walisafiri katika koloni lao wakiwa na pendulamu, wakapima mahali pengi. Zaidi ya miaka thelathini baadaye alikuja Mwingereza Edward Bullard, ambaye mwaka 1936 alichapisha vipimo vyake vya Afrika Mashariki. Ilionekana kwamba juu ya nyanda za juu na katika Bonde la Ufa mvuto ni mdogo kuliko hesabu ya kawaida inavyotaka, kana kwamba chini ya nchi hii pamekosekana kitu. Bullard aliwaza kwamba sakafu ya Bonde la Ufa imebanwa na kusukumwa chini kutoka pande zote mbili. Wataalamu waliofuata waliiacha rai hiyo. Leo hueleweka kwamba nchi inavutwa na kutanuka, na kwamba miamba iliyo chini sana ina joto jingi na kwa hiyo ni myepesi. Vipimo vya Bullard vimedumu, maelezo yake hayakudumu, na hiyo si aibu kwa mwanasayansi. Kilosa yenyewe imo katika ukanda wa mipasuko ya bonde hilo la mashariki.

Basi turudi Msowero na lile gunia. Likichukuliwa kutoka chini ya milima mpaka kwenye vilele vya Ukaguru, ambavyo vimepita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, uzito wake utapungua kweli. Kwenda mbali na kitovu cha dunia kunapunguza mvuto. Ule mlima wenyewe uliopo chini ya miguu unarudisha sehemu ya kilichopungua, kwa kuwa nao unavuta. Kwa gunia la kilo 100 upungufu ni kati ya gramu 30 na 60, yaani kama konzi moja ya mahindi. Mchukuzi hataujua. Lakini upo, na kifaa kizuri kinauona.

Siku hizi kazi ya kupima hufanywa pia kutoka angani. Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti mbili za mradi uitwao GRACE, zikifuatana kwa umbali wa kilometa 220 hivi. Ile ya mbele ikikaribia mahali penye mvuto zaidi hukimbia kidogo, umbali kati yao huongezeka, na kwa kupima umbali huo wataalamu hujua uzito wa kilicho chini yao. Mradi ulimalizika mwaka 2017, na warithi wake walirushwa mwaka 2018. Kwa njia hii iliwezekana kuona kutoka juu jinsi maji ya Ziwa Victoria yalivyopungua kabla ya mwaka 2006. Kumbe nguvu ya uvutano haitofautiani tu kutoka mahali hata mahali. Hubadilika pia kati ya kiangazi na masika, kwa kuwa mvua iliyonyesha ina uzito, nayo inavuta.

Mizani mbili

Tumefika penye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Ikiwa uzito si mmoja kila mahali, je, haki ya sokoni yaweza kusimama juu ya nini?

Mizani ya kale ya vitanga viwili haina shida. Kitanga kimoja kina mahindi, kingine kina mawe ya mizani. Ukiipeleka mlimani au bondeni, Ikweta au kwenye ncha ya dunia, mvuto ukipungua hupungua kwa vitanga vyote viwili kwa kadiri moja, na mizani hukaa vile vile. Hata katika Msowero yetu ya kubuni mizani hiyo isingedanganya kwa punje moja. Kwa kweli haipimi uzito. Hulinganisha tungamo kwa tungamo. Mizani ya springi, na nyingi za kisasa zinazotumia umeme, ni za namna nyingine. Hizo huhisi ni kwa nguvu gani mzigo unasukuma chini, kisha hutafsiri nguvu hiyo kuwa kilo. Tafsiri yake ni sahihi mahali ziliporekebishwa, si lazima iwe sahihi penginepo.

Tufanye hesabu. London ongezeko la mwendo ni mita 9.812, katika nchi yetu, mahali pasipo juu sana, ni karibu mita 9.780. Mizani ya umeme iliyorekebishwa London na kuletwa Kilosa bila kurekebishwa upya italionyesha gunia la kilo 100 kuwa ni kilo 99 na gramu 670 hivi. Muuzaji amepoteza theluthi ya kilo, na hakuna aliyemwibia. Katika magunia mia tatu limepotea karibu gunia zima. Ndiyo maana mizani nzuri hurekebishwa kwa mawe halali pale pale itakapotumika, na ndiyo maana mafundi wa vipimo husafiri na mawe yao wala hawaridhiki na karatasi ya kiwandani. Kwa mahindi hasara hiyo ni ndogo. Kwa dhahabu, ambayo gramu moja yake ni mshahara wa siku nyingi, si ndogo hata kidogo.

Maandiko yanalizungumza jambo la mizani mara nyingi kuliko mahubiri yetu yanavyolizungumza. Msomaji afungue Walawi 19:35-36, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 11:1 na Amosi 8:5. Inafaa kutazama kwamba Torati, katika Kumbukumbu, hailaumu jiwe zito wala jiwe jepesi. Inakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Naye Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipoifafanua Amri ya Saba hakuanza na mwizi avunjaye nyumba peke yake, bali alikwenda mpaka sokoni, penye bidhaa mbovu, vipimo vya uongo na mizani ya uongo.

Mkulima wetu analijua fundisho hilo kwa jina jingine, nalo ni lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, na mnunuzi hulilipia kama gunia moja. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imepambana na desturi hiyo mwaka hata mwaka, na sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Linganisha sasa: dunia yenyewe, kwa mzunguko wake wote na milima yake yote, imemnyang'anya mkulima theluthi ya kilo kwa mizani isiyorekebishwa, kile kilemba cha lumbesa kinamnyang'anya kilo nyingi, mbele ya macho yake, na mara nyingi shambani kwake mwenyewe ambako hakuna mizani ya aina yoyote. Mwenye kutaka kuandika hadithi juu ya nchi ambayo kilo moja si kilo moja hana haja ya kubuni sana.

Waliobuni kabla yetu

Ukaguru walikuwako waliowaza juu ya nchi iliyopinduliwa kabla ya vitabu kufika. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake huko mwaka 1957, ameeleza kwamba katika mawazo ya Wakaguru wa zamani mchawi hutembea kichwa chini miguu juu, akikanyaga kwa mikono, na husafiri hewani. Ameeleza pia kwamba huko kwa wazimu wa mababu mambo ni kinyume cha huku: mtoto azaliwapo kwetu, wao huomboleza, kwa maana wamempoteza mmoja wao. Wazo hili la pili lina upole na hekima ndani yake, nasi tusingependa mchungaji kijana alidharau pasipo kulifikiri. Wazo la kwanza limebeba hatari. Mtu akishaaminiwa kwamba "chini" yake si chini yetu, huwa si rahisi tena kumhesabu kuwa jirani. Katika nchi yetu wazee, na hasa wanawake wazee, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, wekundu ambao walioishi na moshi wa kuni wanajua unatoka wapi.

Wala hili si la Afrika peke yake. Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 katika Württemberg ya Ujerumani, akasomea theolojia Tübingen akikusudia kuwa mchungaji wa Kilutheri. Kabla ya kumaliza alipelekwa Graz kufundisha hesabu, na dunia ikampata mnajimu aliyefumbua sheria za mwendo wa sayari. Tangu ujana wake alikuwa na andiko dogo, ambalo baadaye liliitwa Somnium, yaani ndoto. Ndani yake kijana wa Iceland na mama yake, mwanamke ajuaye mitishamba, wanamwita roho awaelezee nchi ya mwezi. Tukiacha roho huyo, mengine yote yalikuwa sayansi ya ajabu kwa zama zile. Msafiri aondokapo duniani hupatwa na kishindo kikuu kana kwamba amerushwa kwa baruti. Baadaye safari huwa nyepesi, miili hujikunja kama buibui, na haihitaji tena kusukumwa. Katika maelezo aliyoyaongeza, Kepler alisema kwamba dunia na mwezi vyote huvuta, na kwamba kati yao pana mahali ambapo mivuto hiyo miwili hubatilishana. Aliyasema hayo Newton akiwa hajazaliwa. Leo twajua kwamba juu ya mwezi uzito ni sehemu moja ya sita ya uzito wa hapa.

Andiko hilo lilizunguka kwa mikono kabla ya kuchapwa, na habari zake, kama Kepler mwenyewe alivyoandika, zilifika hata kwa vinyozi. Watu hawakusoma juu ya mvuto. Walisikia juu ya mama ajuaye mitishamba aitaye roho. Naye Kepler alikuwa na mama ajuaye mitishamba. Katharina Kepler wa Leonberg alianza kutuhumiwa uchawi mwaka 1615, akakamatwa mwaka 1620 akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, akafungwa kwa minyororo kwa miezi kumi na minne. Mwanawe aliacha kazi zake, akasafiri kwenda kumtetea, akajibu mashtaka hoja kwa hoja. Mwezi Oktoba 1621 aliachiliwa. Mwaka uliofuata akafariki. Somnium lilichapwa mwaka 1634, baada ya Kepler naye kufa. Hatuna budi kukumbuka kwamba waliomshtaki mama huyu walikuwa Walutheri, waliomhukumu walikuwa Walutheri, na nchi ilikuwa ya Kilutheri. Mji wa Gerlingen, alikozaliwa Johannes Rebmann, uko jirani na Leonberg. Rebmann ndiye aliyeleta Ulaya habari za theluji aliyoiona juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wataalamu wa ramani waliokuwa wamekaa London wakamcheka, kwa maana theluji penye Ikweta waliiona kuwa hadithi.

Katika Kiswahili, aliyebuni nchi iliyo angani ni Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Watu wake wanaishi juu pasipo ardhi chini yao, na mwandishi hajisumbui kueleza ni nini kiwazuiacho wasianguke. Wako wasomaji waliolalamika juu ya hilo. Kwa maoni yetu wamekosea mahali pa kutazama. Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa habari za wajumbe waliotumwa pande sita, yaani pande nne za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, ambao kila mmoja alirudi na mema akalipwa kifungo. Nchi hiyo haikosi uzito. Uzito wake umewekwa wote katika kitanga kimoja cha mizani, penye ukubwa wa Majivuno na wenzake. Kepler alitaka tuamini kwamba mwezi uko hivyo. Shaaban Robert hakutaka tuamini juu ya anga neno lolote, ila alitaka tutambue mahakama tuliyoiona kwingine.

Barabara ya Kyamwilu

Kabla hatujamaliza, yafaa tuseme juu ya mahali ambapo watu husema kwa dhati kabisa kwamba nguvu ya uvutano imepinduka. Kyamwilu, karibu na mji wa Machakos nchini Kenya, iko sehemu ya barabara ambayo gari likizimwa na kuachwa huru huonekana kupanda kilima lenyewe, na maji yakimwagwa huonekana kutiririka kwenda juu. Ndugu zetu waishio Oman wanayo barabara ya namna hiyo karibu na Mirbat, huko Dhofar. Zimo nyingine katika nchi nyingi, na kila moja ina hadithi zake za majini, za sumaku iliyofukiwa, au za baraka.

Tungependa kwanza kusema kwamba mvuto wa mahali waweza kweli kupinda. Mlima mkubwa huivuta timazi upande wake. Mwaka 1774 Waingereza walipima jambo hilo kwenye mlima Schiehallion wa Scotland, wakaona timazi imesogea. Na kadiri yake ilikuwa sekunde chache za pembe, na nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600. Ili gari lipande kilima cha nyuzi moja tu, ingehitajika chini ya Kyamwilu pawe na kitu kivutacho mara mia kadhaa kuliko mlima ule mzima. Kingekuwapo, kila nyumba ya jirani ingekuwa imeinama.

Kinachotendeka ni jepesi zaidi. Jicho halijui chini ni wapi kwa kutazama barabara peke yake. Hulinganisha na upeo wa macho, na miti, na kingo za shamba. Mahali ambapo upeo umefichwa na vilima, na mteremko mdogo umetanguliwa na mteremko mkali, jicho hukosa cha kulinganishia na kuutafsiri mteremko mdogo kuwa mwinuko. Mwenye pimamaji ya fundi akiiweka juu ya lami ataona ni upande upi ulio chini kweli, nao ni ule ule ambao maji yalikwenda. Kisha akiinua macho kuitazama barabara, ataona bado inapanda.